Tulipozuiwa na Kusi: Ziara kwa Wavuvi wa Jambiani

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika twaujua vema upepo wa kusini. Kila mwaka, mvua zikiisha, huanza kuvuma kutoka pande za Moba, huyatibua maji, na usiku mwingine huwarudisha wavuvi wetu wa dagaa kabla ya wakati. Alfajiri ya siku hizo akina mama husimama ufukoni wakihesabu mitumbwi inayorudi. Yeyote aliyewahi kuhesabu namna hiyo hatahitaji maneno mengi ili aelewe habari tunayomletea leo.

Upepo huo hauanzii kwetu. Ni wa jamaa moja na ule uvumao kutoka bahari kuu ya Hindi, ambao watu wa pwani huuita kusi. Basi katika mwezi wa Julai tulifunga safari kwenda kuutazama mahali unapoingilia nchi kavu. Tulikuwa watu watatu: walimu wawili, na mwenzetu mmoja ambaye ni mvuvi wa ziwani tangu utoto wake.

Tulivuka ziwa kutoka Kalemie hata Kigoma. Kutoka hapo tukaandamana na njia ya reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, tukapita Tabora, Dodoma na Morogoro mpaka Dar es Salaam, safari inayozidi kilomita 1,200. Kwa sehemu kubwa ndiyo njia waliyoipita zamani wapagazi na misafara ya pembe na ya watumwa. Na kwa njia hiyo hiyo lugha hii tunayowaandikia ilifika Manyema na kwetu. Tukapanda meli kwenda Unguja, na siku ya pili tukachukua gari kuelekea upande wa mashariki wa kisiwa. Nchi yetu ya Kongo nayo inagusa bahari, huko Moanda na Banana, lakini pwani yetu ni fupi, haifiki hata kilomita 50, na ni ya bahari nyingine. Wengi wetu tumezaliwa na tutazeeka bila kuonja maji ya chumvi.

Bahari yenye ukuta

Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyosha juu ya mchanga mweupe, upande wa kusini-mashariki wa Unguja. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, minazi imeinama kufuata upepo, na ngalawa zimelala ufukoni kama mifugo iliyopumzika. Mgeni wa bara akifika wakati maji yamejaa, huiona bahari kama ziwa lake: maji tangu miguuni hata upeo wa macho. Akirudi baada ya saa sita hushangaa. Maji yamekwenda! Pale palipoelea vyombo pamekuwa uwanja mpana wa mchanga, majani na madimbwi, na watu wanatembea humo na vikapu vyao. Mbali, zaidi ya kilomita moja kutoka nyumbani, huonekana mstari mweupe usiotulia. Huo ndio mwamba, yaani ukuta wa matumbawe uliojengwa na vidudu vidogo vya baharini kwa maelfu ya miaka. Juu yake mawimbi ya bahari kuu huvunjika mchana na usiku.

Wanafunzi watauliza: maji huenda wapi? Mwezi na jua huyavuta maji ya bahari, hata kwa desturi yakajaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, mvuto wa jua na wa mwezi hujiunga. Hapo hupanda sana na kushuka sana, nao wavuvi huita wakati huo bamvua. Katika Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali pake parefu kuliko pote, lakini halijui kuondoka na kurudi namna hii. Kwa hiyo mvuvi wa ziwani anayefika hapa ni kama mtoto wa darasa la kwanza, hata akiwa na mvi.

Kati ya mwamba na mchanga kuna bahari ya ndani, yenye maji machache na mawimbi madogo. Ng'ambo ya mwamba ni bahari ya nje, yenye kina na samaki wakubwa: nguru, kolekole, jodari. Baina ya hizo mbili hakuna njia ila mahali pachache ambapo ukuta umekatika. Wavuvi hupaita mlango. Neno hilo, mlango, ndilo lililotufunza somo letu.

Upepo na hesabu ya siku

Pwani hii ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Ni upepo wa joto, na mara nyingi wa upole. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, nao huwa mkali zaidi katika Juni, Julai na Agosti. Sababu yake ni hii: katika miezi hiyo nchi za Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya bahari za kusini huvutwa kwenda kujaza mahali pake. Desemba ikifika mambo hugeuka. Kwa pepo hizi majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja na kurudi kwa mamia mengi ya miaka.

Wazee hawakungojea vitabu wapate kujua hayo. Wanayo hesabu yao ya mwaka wa jua wenye siku 365, unaoanza Siku ya Mwaka, ambayo kijiji jirani cha Makunduchi huiadhimisha kila Julai. Siku huhesabiwa kwa makumi, kila kumi moja huitwa mwongo. Miongo ni 36, na siku 5 huzidi. Mzee ajuaye miongo husema: katika mwongo fulani tazamia mvua, katika mwongo fulani usipeleke chombo mbali.

Upande huu wa mashariki huupokea upepo wa kusi usoni, bila kisiwa cha kuukinga. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanaume huhama miezi hiyo, wakaenda kupiga kambi za uvuvi mahali penye maji matulivu. Kuhama huko huitwa kwenda dago. Wanaobaki hungojea.

Asubuhi iliyotulia

Nasi tulikuja wakati wa kungojea. Tulifikia kwa mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, aliyetupokea vizuri kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka bara ya mbali. Karibuni, mpumzike."

Alikuwa akiishi na kijana wake, mtoto wa marehemu mdogo wake. Kijana huyu alimwita baba mkubwa, na ndiye aliyeitumia ngalawa ya mzee. Ilikuwa siku ya tisa hajavuka mwamba. Mkewe alikuwa karibu kujifungua, na kila mtu ajua kwamba mtoto haji mikono mitupu: huja na gharama za gari, za dawa na za nguo.

Hapa ni lazima tuungame kosa letu. Jioni ile, mzee akiwa msikitini, tulimwambia yule kijana kwamba tungependa sana kuiona bahari ya nje, tupate kuwaandikia ninyi wasomaji, na tukamtajia ujira mzuri. Mwenzetu mvuvi akaongeza kwamba mawimbi si mageni kwake, na kwamba yeye atakwenda kwanza, sisi walimu tufuate kesho yake. Kijana alinyamaza kidogo, akatazama mlango wa nyumba aliyokuwamo mkewe, akasema, "Kukicha, Mungu akipenda."

Usiku tulisikia ngurumo isiyokatika, kama gari kubwa linalopanda mlima na lisifike juu. Tulipoamka, kumbe upepo umelala! Minazi haikutikisika. Mbingu upande wa mashariki zilikuwa safi, na maji ya bahari ya ndani yalikuwa yakitoka taratibu, laini kama mafuta. Tulifurahi, tukadhani bahati ni yetu.

Kijana alikwisha kuiteremsha ngalawa. Chombo hiki ni gogo moja la mti, mara nyingi mwembe, lililochongwa likawa jembamba mno, hata peke yake lisingesimama majini. Kwa hiyo hufungwa miti miwili ya kukingama, iitwayo mirengu, na kwenye ncha zake huwekwa mbao za kuelea, moja kila upande, zinazokizuia chombo kisipinduke. Mlingoti ni mmoja, na tanga lake ni la pembe tatu. Ni chombo chepesi na chenye mbio. Lakini nguvu yake yote imo katika kamba zinazofunga mirengu. Mwenzetu alikwisha kukaa ndani, kafi mkononi.

Ndipo mzee alipofika kutoka sala ya alfajiri. Hakupiga kelele. Aliingia majini na kanzu yake mpaka magotini, akashika ncha ya chombo, akamwuliza mwenzetu:

"Mwanangu, wewe ni mvuvi?"

"Ndiyo, mzee. Mvuvi wa ziwani."

"Kwenu, mtumbwi ukirudi ufukoni wakati wa upepo, kuna nini kati yake na mchanga?"

"Hakuna kitu, mzee. Ni maji tu."

"Hapa kuna mwamba."

Kisha akamgeukia kijana. "Umesikiliza upepo," akasema, "nami sikukufundisha hivyo. Upepo hulala usiku, huamka na jua. Sikiliza mwamba. Tangu jana unanguruma, maana mawimbi yale yanatoka mbali, hayajui kama hapa kumetulia. Leo ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yanatoka kwa nguvu zote, na yote yanatafuta mlango mmoja. Mawimbi yanaingia kwa mlango huo huo. Wawili wakigombana mlangoni, ni nani apitaye katikati?"

"Baba mkubwa, tutapita upesi kabla upepo haujaamka."

"Mtapita. Na kurudi je? Mtarudi alasiri maji yakiingia, upepo ukiwa nyuma yenu, wimbi likiinua mkia wa chombo na kukipeleka upande. Mrengu mmoja ukikatika, ngalawa ni gogo tu."

Kijana hakujibu. Alitazama chini, na tuliona ya kwamba hakuwa akifikiri habari za mawimbi, bali za nyumbani. Mzee naye aliona. Akatugeukia sisi tuliosimama mchangani.

"Wageni wangu, mmemwahidi fedha?"

Tukakiri.

"Basi mmemtwika mzigo msioupima. Mvuvi mwenye shida haoni bahari. Huona zile fedha zimesimama ng'ambo ya mwamba. Mkitaka kumsaidia, mlipeni awaonyeshe kazi ya ndani. Ujira ni ule ule, na jioni mtamwona mtu mliyempa."

Mwenzetu aliweka kafi chini, akatoka ngalawani. Tena alikuwa wa kwanza kusema, "Mzee amesema kweli." Tulimpa kijana ujira wote papo hapo, mbele ya mzee, ili asifanye kazi ya siku ile akiwa na moyo wa kuwindwa.

Uvuvi wa ndani

Msidhani, wasomaji, kwamba uvuvi wa ndani ni mchezo wa watoto. Siku ya upepo mkali ndiyo inayolisha kijiji, nao una elimu yake.

Tuliisukuma ngalawa kwa upondo juu ya maji machache, bila kutweka tanga, mpaka kwenye vidimbwi virefu nyuma ya mwamba. Huko kijana alikuwa na madema yake. Dema ni mtego uliosukwa kama kikapu kikubwa, wenye mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani: samaki huingia kwa urahisi, asijue njia ya kutokea. Hutiwa chambo na kulemewa kwa mawe lisichukuliwe na maji. Kijana hakuweka boya juu yake. Aliyatafuta kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu: mnazi fulani uwe sawa na pembe ya nyumba fulani, na upande mwingine kadhalika. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana, ndipo penye dema. Walimu wa hesabu wangefurahi.

La kwanza lilikuwa tupu, limepinduliwa na mawimbi. La pili lilikuwa na tasi saba na changu wawili. Tasi hula majani ya chini ya bahari, na miiba yao ina sumu yenye maumivu makali. Kijana aliwashika kwa namna ya pekee, kidole gumba juu ya kichwa, na kumwonya mwenzetu asiharakishe. La tatu lilikuwa na pono mmoja mwenye rangi ya kijani na ya samawati, na vichangu vidogo ambavyo alivirudisha majini. Tukamwuliza kwa nini, maana samaki wenyewe ni haba. Akajibu, "Kusi lina miezi. Nikila hawa leo, mwezi ujao nitakula nini?"

Katika jibu hilo kuna jambo kubwa. Wakati bahari ya nje imefungwa, njaa yote ya kijiji huiangukia bahari ya ndani. Hapo wengine hushawishika kukokota majuya yenye matundu madogo, yanayokusanya hata vitoto vya samaki na kung'oa majani wanamokulia, jambo lililokatazwa na sheria. Atumiaye juya hilo hupata kitoweo cha siku moja, akawaacha jirani zake na mchanga mtupu. Uvumilivu wa mvuvi kumbe si wa kungojea upepo tu, ni wa kuuzuia mkono wake pia.

Ilipofika saa nne asubuhi maji yalikuwa yamepwa kabisa, na kusi limeamka. Lilivuma kutoka baharini likibeba matone ya chumvi hata macho yakawasha. Ngalawa ilikaa juu ya mchanga, nasi tukatembea. Akina mama walikuwa wametapakaa kila mahali, kanga zimefungwa viunoni. Wengine walikuwa wakitafuta pweza kwa kijiti kirefu, wakichungulia mashimo ya mawe. Pweza hujificha vizuri, lakini huweka mbele ya nyumba yake maganda ya kaa na ya kombe aliowala, nayo humsaliti. Wengine walikuwa kwenye mashamba ya mwani. Mwani ni majani ya baharini yafungwayo kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, kisha huanikwa na kuuzwa ng'ambo. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwaka 1989, na kimeyatia mikononi mwa wanawake mapato yao wenyewe. Nao pia huudhiwa na kusi, kwa kuwa mawimbi hukata kamba na kuutupa mwani ufukoni. Tuliwaona wakiuokota, wakiufunga upya, bila manung'uniko.

Karibu na mwamba tuliweza kusimama na kuutazama mlango. Tulisema hapo juu kwamba maji yalikuwa yamepwa. Lakini pale mlangoni kulikuwa na kilima cha maji kinachosimama, kinaanguka, kinasimama tena mahali pale pale. Mwenzetu alikitazama kwa muda mrefu. Mtu huyu huzungumza sana, lakini saa ile hakusema neno.

Waliorudi jioni

Alasiri, tulipokuwa tukigawana samaki, watu walianza kukimbia ufukoni. Ngalawa moja ya upande mwingine wa kijiji ilikuwa imetoka alfajiri, na sasa ilionekana ikiuelekea mlango. Wanawake waliacha vikapu. Hakuna aliyelia wala kuita; wote walitazama tu, na sisi tukakumbuka wanaohesabu mitumbwi kwetu.

Wimbi la kwanza liliipitisha. La pili likainua mkia wake, chombo kikageuka ubavu, na tanga likaanguka. Kwa muda hatukuona kitu ila povu. Kisha tukaiona ndani ya mwamba, imeinama, mrengu mmoja umekatika, na mtu mmoja amejitupa juu ya mti wa upande wa pili ili kuiweka sawa kwa uzito wa mwili wake, mwenziwe akifua maji kwa kata bila kupumzika. Vijana waliingia majini hata vifuani, wakaivuta. Watu wote wawili walikuwa wazima. Mmoja amechanwa mkono na matumbawe. Nyavu zimepotea, tanga limepasuka, na samaki hakuna hata mmoja.

Kijana wetu alikuwa miongoni mwa walioivuta. Aliporudi alikaa kando ya mzee, akachukua kamba na kuanza kufunga upya mirengu ya ngalawa yao, ingawa haikuwa imelegea. Mzee alimtazama, naye hakumkumbusha maneno ya asubuhi.

Usiku, kijana alipokwenda kulala, mzee alituambia kwa sauti ndogo: "Baba yake alikuwa mdogo wangu. Alitoka katika mlango ule mwezi kama huu, asubuhi nzuri kuliko ya leo. Mimi ndimi niliyemsaidia kusukuma chombo."

Hatukupata la kumjibu.

Maonyo ya zamani na ya sasa

Katika siku zilizofuata tulijifunza mengi juu ya dhoruba za pwani hii. Zilizo kubwa mno, yaani tufani, ni chache, kwa sababu nchi iko karibu na ikweta. Lakini zipo. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu isiyo na idadi na kuvunja majahazi. Na ng'ambo, Bagamoyo, ikabomoa majengo ya misioni iliyoanzishwa mwaka 1868. Aprili 1952 nyingine iliupiga mji wa Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 tufani iliyopewa jina la Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia. Safari iyo watu walikuwa wameonywa mapema, vyombo vingi vikabaki bandarini.

Kusi nalo, bila kuwa tufani, huua. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi, na watu wengi walipoteza maisha. Ikiwa chombo chenye mitambo hushindwa, gogo la mwembe lina kiburi gani?

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania hutoa tahadhari kwa redio na kwa simu. Katika miezi ya kusi husikika mara nyingi ikionya juu ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Mzee wetu husikiliza tahadhari hizo kila jioni. Tulimwuliza kama anaziamini kuliko miongo yake. Akacheka. "Redio hunena habari za bahari yote," akasema. "Mwamba hunena habari za mlango wangu. Mwenye masikio mawili asikilize vyote viwili."

Tuliyorudi nayo

Siku ya kuondoka kwetu upepo ulikuwa bado mkali, na yule kijana alikuwa bado ndani ya mwamba. Lakini usiku wa kuamkia siku ile mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, salama. Mzee alimshika mjukuu wake mlangoni, akamkinga upepo kwa ncha ya kilemba. Tuliagana nao kama jamaa.

Mwenzetu mvuvi amekwisha kurudi katika kazi yake ya ziwani. Kwetu hakuna mwamba, lakini ziko fedha zilizosimama ng'ambo ya mawimbi. Mnunuzi humpa mvuvi fedha za kutanguliza, kisha humngojea ufukoni na kikapu. Nyumbani watoto wanangojea. Jirani huuliza kwa dhihaka kama ameanza kuogopa maji. Usiku wa kwanza wa upepo mkubwa, mwenzetu aliuacha mtumbwi mchangani. Mnunuzi alikasirika, akamtukana mbele ya watu. Mwenzetu alimwambia, "Deni lako nalijua, nitalilipa. Lakini nikizama, utamdai nani?" Mnunuzi akaondoka akinung'unika, akarudi siku ya tatu, upepo ulipotulia, na deni likalipwa kwa dagaa.

Wasomaji wapenzi, sisi tulikwenda Jambiani kutafuta ushujaa wa watu wanaopambana na mawimbi, na ushujaa tuliuona kweli katika mikono ya wale wawili waliookoa chombo chao. Lakini ule wa mzee, aliyesimama majini na kanzu yake akashika ncha ya ngalawa, tuliuona kuwa mkubwa zaidi, maana alimzuia mtu ampendaye mbele ya wageni wenye fedha. Wazee wa pwani husema: kawia ufike. Tena tumejua kwamba bahari mbaya haimjaribu mvuvi peke yake. Humjaribu mkewe, mnunuzi wake, jirani yake, na hata mgeni anayetaka habari za kuandika. Siku ya upepo, kila mmoja wetu ama anamvuta chomboni, ama anamshika abaki.

Basi upepo wa kusini ukivuma tena upande wa Moba, na mvuvi wa nyumbani kwako akirudi na kafi kavu, mpishie ugali, umkaribishe. Usimwulize kwanza ameleta nini. Amejileta mwenyewe.

Kwaherini.